Turubai Uliloliacha Wazi

Mama,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichokuwa nacho sisi wawili. Kijaluo changu ulikiita uji ambao haujaiva, na Kikuria changu ulisema kinakutisha, unadhani mtu anafokea ng'ombe. Basi mimi mkweo wa upande wa Isebania na wewe mama mkwe wangu wa Ndhiwa tukakutana katikati, kwenye Kiswahili cha sokoni, kila mmoja akikivunja kwa namna yake na hakuna aliyemcheka mwenzake. Au wewe ulicheka. Mimi sikuthubutu.

Wajukuu wako ni wazima. Yule jogoo wako mkorofi bado anafukuza wageni, na hakuna aliye na moyo wa kumchinja. Binti yako Akinyi ameanza kucheka tena, si sana, lakini ameanza. Hizo ndizo habari ambazo mama yeyote angetaka kusikia kwanza. Sasa nikueleze habari za turubai, maana nimehangaika nalo tangu tukuzike, na sina mtu mwingine ninayeweza kumweleza akaelewa bila kuuliza maswali.

Unakumbuka lilivyoanza. Kwenu mkwe hakai karibu na mama mkwe wake, na kwetu Wakuria mambo ni makali zaidi. Baba yangu alipomwona mama mkwe wake njiani alikuwa anaingia shambani kwa watu mpaka apite. Kwa hiyo kila nilipomleta Akinyi na watoto Jumapili baada ya kanisa, wewe uliketi barazani, kwenye saruji, na mimi nikawekewa kiti uani, mbali, kwenye udongo. Baraza lako linatazama magharibi, na mti uliokuwa pale ulikatwa walipopitisha nyaya za stima. Jua la alasiri lilikuwa linanimaliza. Tulisalimiana kwa kupaaza sauti, tukaulizana habari za mahindi kwa kupaaza sauti, na wewe ukawa unaona haya kwa niaba yangu. Siku moja ukamtuma Akinyi aniletee mwavuli wako. Nikaketi katikati ya ua wa ukweni na mwavuli wa maua ya waridi, nimevaa suti, majirani wanapita wanapunguza mwendo ili waone vizuri. Njia nzima kurudi Migori nilikuwa nawaza nitafanya nini.

Kazi yangu unaijua. Nashona maturubai ya malori pale kando ya barabara, na mara nyingine mahema ya wachimba dhahabu wa Masara. Siku hizo mwenye hoteli moja mjini alikuwa amebomoa sehemu ya mbele ya hoteli yake, akaniletea vyuma vya turubai la ukutani: bomba refu linalozunguka, mikono miwili inayojikunja kwenye kiwiko, na hendeli, ule mtaimbo mwembamba wenye ndoano mwishoni. Kitambaa kilikuwa kimeoza. Alitaka nimshonee kipya, kisha akabadilisha mawazo akaweka mabati, akaniambia vyuma nivichukue tu. Nikashona kitambaa mimi mwenyewe, kijani ya lori, na mbele nikakitia pindo jeupe kwa sababu nilijua ni la mama anayependa vitu safi. Nikaja na fundi, akalifunga ukutani juu ya mlango wako. Mimi nilisimama uani nikielekeza kwa kidole, kwa sababu mkwe hapandi nyumba ya mama mkwe wake, hata kama misumari ameileta yeye.

Likafunguka. Lilitoka ukutani polepole, likavuka saruji, likaja uani mpaka juu ya kiti changu. Wewe kwenye saruji, mimi kwenye udongo, kivuli kimoja, na hakuna aliyevuka kwenda kwa mwenzake. Ulitazama juu. Halafu ukasema, "Sasa orwa hataungua." Orwa, mkwe wetu. Mpaka siku hiyo ulikuwa ukiniita baba watoto. Tangu siku hiyo hatukupaaza sauti tena, na ndipo nikajua kwamba wewe ni mtu wa mzaha. Kumbe yale makelele yote yalikuwa yanauficha.

Lakini kuna jambo ambalo wewe na mimi tulilichukulia la kawaida, na sasa ndilo limekuwa kila kitu. Turubai nililishona, lakini hendeli yake sikuwahi kuizungusha. Uliitundika kwenye msumari kando ya kiti chako, chini ya dirisha la chumba chako cha kulala. Pale si mahali pa mkwe kufika. Fundi alikufundisha wewe, na wewe ukanifundisha mimi kwa mdomo, ukiwa umeketi, kana kwamba siku moja utanipa mtihani. "Unaingiza ndoano kwa hiyo shimo. Hulazimishi. Ukizungusha upande ya jikoni, inalala. Upande ya barabara, inaamka." Hukusema kufunga wala kufungua. Kwako turubai lililala na kuamka. "Na usiilaze ikiwa imenyeshewa ukaisahau hivyo. Kesho yake lazima iamke ikauke, ama itaoza tumbo." Upepo nao ulikuwa na sheria yake: "Upepo ikianza kuongea, mimi nishasimama." Na kweli ulikuwa umesimama kabla sisi wengine hatujasikia kitu.

Mzee hukumruhusu kuligusa. Ulisema baba mkwe wangu ana haraka, atalivunja. Yeye akajifanya halimhusu, kazi yake ni redio. Lakini mimi nilikuwa namwona anavyosogeza kiti kidogo kidogo kufuata kivuli, akidhani hakuna anayetazama.

Kisha ikaja asubuhi ile. Odhiambo, kitinda mimba wako, ndiye aliyenisimulia. Uliamka huna nguvu hata ya kushika kikombe, lakini ulitoka, ukaliamsha turubai, ukaketi chini yake kungoja gari la kukupeleka hospitali Homa Bay. Hukurudi. Turubai likabaki wazi.

Waliokuja kukuzika walikuwa wengi, jinsi ulivyostahili. Hema za kukodi zilijaa, na waliokosa nafasi wakaingia chini ya turubai lako. Wazee fulani wakaanza kulitazama kwa mashaka. Hema gani haina nguzo? Itaangukia watu. Wakakata mikaratusi, wakasimamisha nguzo chini ya lile pindo jeupe, wakazifunga kwa waya wa kujengea. Mwingine akaona mkono wa kushoto unafaa kutundikia spika. Walifanya kwa nia njema, tena kwa bidii. Mimi nilikuwa nimeketi na kundi la wakwe upande wetu, ng'ombe tuliyekuja naye amefungwa nyuma yetu, naona kila kitu, na mkwe matangani hainuki kwenda kusahihisha wazee wa boma. Mvua ikanyesha. Nguzo zilikuwa zimelisawazisha, maji yakakosa pa kuteremkia, yakajikusanya katikati mpaka turubai likaning'inia kama kiwele cha ng'ombe wa gredi. Nililia siku hiyo, Mama. Watu walisema mkwe huyu alimpenda mama mkwe wake. Ni kweli nilikuwa nakulilia, lakini nusu ya machozi yale yalikuwa ya hasira.

Watu walipotawanyika Odhiambo alitaka kuondoa nguzo na kulilaza. Mzee akamkataza. "Iache vile aliiacha." Akinyi akajaribu kwa upole, akaambiwa yeye ameshaolewa, aende akapange vya nyumbani kwake Migori. Likabaki hivyo, na Mzee akaingia ndani. Akaketi kwenye kiti cha karibu na mlango, anatazama nje chini ya turubai, na hakutoka tena. Shambani hakwenda, kanisani hakwenda. Redio haikuwashwa. Chakula kilirudi jikoni jinsi kilivyokwenda. Odhiambo akanipigia simu, akaniambia, "Shemeji, huyu mzee anaisha hivi tunaona."

Nikaona kwamba mambo mawili yamefungwa kwa waya mmoja. Mvua ya masika ilikuwa inakaribia. Turubai lililo wazi usiku na mchana, limebeba maji, mkono mmoja umepinda, haliwezi upepo wa masika. Kazi yangu ni hiyo, sihitaji kuambiwa. Lingeng'oka na matofali yake, na yeye ameketi pale mlangoni anatazama. Na akiliona likianguka, nilikuwa na hakika hatatoka tena mle ndani kwa miguu yake. Nikajiapiza kwamba litalala salama kabla ya mvua kubwa. Akinyi aliponiona nimekaza uso akasema basi, Mkuria ameamka.

Mara ya kwanza nilikwenda na maneno. Unajua mkwe hawezi kubishana na baba mkwe wake, kwa hiyo maneno yangu niliyazungusha sana. Nilizungumza juu ya mawingu. Nilizungumza juu ya lori moja la Migori lililopasukiwa na turubai likiwa limebeba sukari. Mzee alinisikiliza kutoka ndani mpaka mwisho, akaniuliza kama yule dereva alipona. Nikasema alipona. Akasema ni vizuri. Mazungumzo yakaishia hapo.

Safari iliyofuata nikaacha maneno, nikaja na ngazi na mkebe wa grisi. Nilijiambia kwamba mama mkwe sasa amelala udongoni, sheria imelala naye, ni nani atakayenizuia? Nikaegemeza ngazi kwenye ukuta wako, nikaweka mguu mmoja. Dadako Mama Pamela, ambaye alikuwa bado anakaa na Mzee, akatokea jikoni na mwiko mkononi. "Wewe Chacha, unapanda wapi? Kwani maro akikufa anaacha kuwa maro?" Maro, mama mkwe. Hakupaza sauti sana, lakini hata jogoo alinyamaza. Mguu wangu ukarudi chini wenyewe. Nilisimama pale nimeshika ngazi, nimeona aibu ambayo sijaiona tangu siku ya mahari. Na alikuwa na haki. Wewe ni mama mkwe wangu hata sasa ninapoandika. Kama si hivyo, hii barua namwandikia nani?

Aibu ile haikunivunja moyo, ilinielekeza. Nilirudi kwenye kiti changu cha udongoni, nikakaa nikafikiri kama fundi badala ya kufikiri kama fahali. Mzee amesema liachwe jinsi ulivyoliacha. Sawa. Nikamuuliza kupitia mlangoni, kwa adabu zote, kama Mama aliliacha na nguzo. Nikauliza kama Mama alikuwa na waya wa kujengea. Nikasikia kiti kinalia. Halafu sauti ikatoka: "Hakuwa na nguzo. Odhiambo, toa hizo miti." Mama, nilikaribia kuruka. Nguzo zikatolewa, waya ukakatwa. Odhiambo ndiye mwenye haki ya kupanda, akapanda, akapaka grisi kwenye viwiko, na mkono wa kushoto akaunyosha polepole nikimwelekeza kutoka chini, mpaka ukaacha kulia. Haukunyooka wote. Lakini ulikubali kujikunja.

Kitambaa kilikuwa kimeshalegea, maji yakaendelea kukaa, nayo niliyapatia dawa. Kila Jumapili nilikuwa nachukua ufagio, nasimama upande wangu wa udongo, nasukuma turubai kutoka chini ili maji yamwagike mbele. Unapofanya hivyo yanamwagikia wewe. Nilikuwa narudi Migori nimelowa, shati la kanisani limepata rangi ya kutu. Mzee alikuwa anaangalia tu. Mara moja Akinyi alinong'ona kwamba baada ya mimi kumwagikiwa maji Mzee alikula nusu ya ugali wake. Kama dawa ilikuwa hiyo, nilikuwa tayari kuoga kila wiki.

Sasa ile Jumapili yenyewe. Odhiambo alikuwa amekwenda Ndhiwa sokoni. Akinyi na Mama Pamela walikuwa jikoni nyuma ya nyumba. Mzee ndani, mimi uani. Upepo ukaanza kuongea kutoka upande wa ziwa. Nilisikia, na nilijua ni ule wenyewe, kwa sababu mabati ya jirani yalianza kupiga makofi. Turubai likavimba, likapiga ukuta, likavimba tena. Nikaona tofali la juu la mlango linatoa vumbi.

Hendeli ilikuwa pale kwenye msumari wake. Kutoka kwenye kiti changu mpaka pale ni hatua ambazo hata mtoto angezihesabu bila kukosea, na mimi sikuwa na ruhusa ya hata moja. Nataka ujue kwamba niliinuka. Nilifika ukingoni mwa saruji, vidole vya viatu vikaigusa. Hakukuwa na Mama Pamela wa kunifokea. Ningevuka, ningelilaza kwa dakika moja, turubai lingepona. Lakini nikamwona Mzee mlangoni. Alikuwa amesimama. Ameshika miimo ya mlango kwa mikono miwili, anatazama juu, na uso wake ulikuwa wa mtu anayengoja apigwe. Nikajua kwamba nikilifunga mimi, nitakuwa nimemwokolea kitambaa, na yeye ataketi tena kwenye kile kiti. Nikabaki pale pale. Nikamwambia kitu kimoja tu: "Baba, Mama angekuwa hapa sasa angekuwa ameshasimama."

Akasema, "Mimi nimesimama."

Akatoka. Baba mkwe wangu alitoka nje kwa mara ya kwanza tangu tukuzike, na soksi bila viatu. Akaitoa hendeli kwenye msumari. Mama, hajui. Miaka yote hiyo ulimkataza, na mtu hajui kabisa. Ndoano ilikosa tundu, ikakosa tena, upepo unalivuta turubai huku na huku. Mimi nilikuwa nimejishika mikono yangu mwenyewe nyuma ya mgongo ili isiende. Hatimaye ndoano ikaingia. Akazungusha, na turubai likashuka zaidi, likalegea, likaanza kupigwa vibaya. Alikuwa analiamsha. Nikapaaza sauti kama zile siku za jua: "Upande wa jikoni, Baba. Upande wa jikoni inalala." Akageuza. Bomba likalia, mkono wa kushoto ukasita, nikamwambia asilazimishe, akangoja, akaendelea. Likaanza kurudi.

Nilikuwa sijawahi kulifikiria jambo hili, kwamba likilala, kivuli kinachoondoka kwanza ni changu. Mvua ilinipata nikiwa nimesimama kwenye udongo wangu, na pindo jeupe likazidi kwenda mbali nami, hatua kwa hatua, likavuka saruji, likapita kiti chako, likafika ukutani, likanyamaza. Mzee alikuwa amelowa kifua. Alikuwa anahema. Akanitazama mvuani akasema, "Si uingie ndani?" Kisha akakumbuka mimi ni nani na nyumba ni ya nani. "Haya, basi nyeshewa." Na akacheka, Mama. Kidogo, kwa pua, lakini nilisikia.

Hapo ndipo nilipomwambia ile sheria yako nyingine. Nilimwambia limelala likiwa limenyeshewa, kwa hiyo kesho jua likitoka lazima liamke likauke, la sivyo litaoza tumbo. Akauliza, "Na nani ataiamsha?" Nikasema mimi narudi Migori jioni hii. Akinyi, aliyekuwa ametoka jikoni, alinitazama kana kwamba nimemtukana baba yake. Tuliondoka tumelowa.

Jumatatu nilishona vibaya. Nilishona pindo moja upande usiofaa nikalifumua. Simu ya Odhiambo ilipolia nilidhani ni habari mbaya, nikaacha ilie kwanza. Alikuwa ananong'ona kutoka nyuma ya zizi. Mzee ametoka. Mzee amevaa viatu. Mzee ameliamsha turubai, likakwama katikati, yeye Odhiambo akaenda kusaidia, akafukuzwa kwa maneno makali, akaambiwa hajui upande wa jikoni wala wa barabara. Na sasa ameketi chini yake anataka chai. Nilikaa chini sakafuni pale dukani, kwenye vipande vya turubai, nikamshukuru Mungu kwa sauti mpaka mteja akarudi nyuma.

Tangu siku hiyo linaamka asubuhi na kulala jioni. Likija wingu dogo analilaza turubai, wingu likipita analiamsha. Anasumbua, kwa kweli. Majirani wanakuja kumtazama anavyozungusha, na anawaeleza mambo ya ndoano kama mtu aliyeyasomea. Redio imerudi. Anakula. Bado kuna siku anashinda kimya, na siku hizo hatumsemeshi.

Jumapili iliyopita alitoka kwenye saruji akaja kuketi kwangu, kwenye udongo. Halafu akaniambia bila kunitazama kwamba asubuhi ile, gari lilipofika, ulimgeukia ukamwambia, "Wewe usiguse hiyo kitu. Nikirudi nitailaza mwenyewe." Ndiyo maana alikataa. Sisi wote tulidhani ni ukaidi wa mzee mwenye msiba. Kumbe alikuwa anakungoja. Turubai likiwa wazi, ulikuwa bado uko njiani kutoka Homa Bay. Aliposema hivyo alianza kuchezea kifungo cha shati lake, na mimi nikalia mbele ya baba mkwe wangu, jambo ambalo kwetu halifanywi. Hakuniambia ninyamaze. Tulikaa hivyo, tukitazama barabarani.

Kwa hiyo nakuomba, Mama, na sijawahi kukuomba kitu. Neno lile ulimwachia ukidhani utarudi. Mwachilie. Hendeli ni yake sasa, na haraka zake ambazo ulizihofia zimeisha, anazungusha polepole kukuzidi wewe. Kitambaa kina alama nyeusi pale maji yalipokaa. Nimeshakata kingine, na Odhiambo ndiye atakayepanda. Ngazi nimeiacha kwao.

Pumzika, Mama. Kazi ya kusimama upepo unapoanza ina mtu.

Na hii ndiyo ahadi yangu. Jumapili nitakuja, nitaketi udongoni mahali pangu. Mawingu yatakusanyika, yeye atainuka. Ndoano itakosa tundu, matone yataanza, Akinyi atanikazia macho niende nikamsaidie baba yake. Sitakwenda. Mikono yangu itabaki magotini, Mama, mpaka amalize mwenyewe.

Mkweo,
Chacha